Wiki Haiwezi Kuwa Miwili

Dominiki Lumbasi, baba yangu,

Bahasha ya kaki unayoitafuta tangu jana jioni ninayo mimi. Iko kwenye droo ya cherehani, chini ya kopo la vifungo. Asubuhi uliponiuliza, "Baba, umeiona bahasha?" nilikujibu sijaiona, nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka. Hakuna sindano iliyoanguka. Mimi mzee mzima nilipiga magoti nikipapasa sakafu kwa sababu sikutaka uone uso wangu.

Sasa wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuagana na watu wa kwaya. Nimewaambia nabaki kumalizia kanzu ya pili, na kweli imebaki ukosi na vifungo. Lakini nimeiweka kando, nimechana karatasi katikati ya daftari la vipimo, nakuandikia. Sijui kama nitakupa barua hii. Sijui hata kama nitakupa bahasha. Kesho saa mbili asubuhi unatakiwa Karen na ile fomu yenye sahihi ya mzazi, na Padri alisema wazi kwamba asiye na fomu hapokelewi, nafasi yake anapewa mwingine. Nayajua yote hayo. Ndiyo maana niliichukua.

Habari za blanketi na sabuni sitakueleza. Mama yako amezisema mpaka nimezikariri mimi nisiyekwenda. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyotia sahihi, maana wewe unadhani unajua, na hujui.

Unaikumbuka siku uliyonifuata Ngara? Ilikuwa msimu wa sare za shule. Nilikuwa na kaptura za watoto wa watu zimerundikana hadi magotini, na mwenye duka amesimama nyuma ya shingo yangu. Ukaja ukasimama upande wa gurudumu la cherehani, mahali penye kelele kuliko pote. Ukasema, "Baba, nimekubaliwa seminari." Mimi nikasikia semina. Nikakuuliza bila kuinua kichwa, "Ya muda gani?" Ukasema, "Mwanzo ni miwili, halafu wataangalia kama naendelea." Nikauliza, "Mbali?" Ukasema, "Hapa Karen tu." Nikasema, "Ehe, vizuri sana, lete nitie sahihi."

Ukaniangalia sana. Ukaniuliza, "Baba, hutaki kufikiri kwanza?" Nikakujibu kwa majivuno, "Nifikiri nini? Mtoto akiitwa kwa mambo ya maana, azuiwe?" Ile karatasi ilikuwa Kiingereza kitupu. Nikaandika jina langu pale ulipoweka kidole. Ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, macho yamekujaa machozi. Nami, haki ya Mungu, nikajiambia, huyu kijana anapenda semina kweli kweli.

Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe ningecheka kama ingekuwa mtoto wa mtu mwingine. Wewe unamjua bwana wa nyumba kubwa hapo mbele, ambaye mama yako anampikia. Kila mara yuko semina, mara Nakuru, mara Mombasa. Anakaa wiki mbili, anarudi amenenepa, na mkoba mpya wa kubebea faili mkononi. Mimi nilipokuwa natoka hapa kwota ya watumishi asubuhi kwenda kupanda basi nilikuwa nikiutazama ule mkoba nikisema, siku moja Lumbasi wangu naye. Kwa hiyo nilitangaza. Ngara nzima waliambiwa mtoto wangu ameitwa semina. Muuza chai aliambiwa. Mwenye duka, ambaye hatusalimiani vizuri, aliambiwa mara mbili.

Utauliza, Baba, kwani hukuona dalili? Niliziona. Nilikuona unatumikia misa, unasoma vitabu vya watakatifu, hupigi mluzi wasichana wakipita. Nilidhani ni tabia njema tu, nikashukuru.

Siku ile niliporudi nyumbani, mama yako alikuwa amechinja kuku. Si sikukuu, si mgeni, kuku! Akaninawisha mikono mwenyewe. Akasema, "Baba Domi, nilikuwa naogopa utakataa. Tumeishi miaka yote hii na kumbe sikujui." Moyoni nikasema, ala, haya yote kwa ajili ya semina? Lakini nani anauliza maswali mbele ya kuku. Nikamwambia, "Mimi ni mtu wa kuelewa." Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huu. Na tangu siku ile mama yako amekuwa akinitazama jinsi alivyonitazama kabla hatujaoana, na nimekuwa nikizipokea heshima hizo zote, nikinenepa.

Aliyenizindua ni Mwalimu Athumani. Humfahamu vizuri. Ni mzee wa Pwani anayefundisha watoto Korani mjini mchana, na asubuhi hukaa kwenye baraza la duka letu akisoma gazeti na kutusahihisha Kiswahili. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimetoa ile orodha uliyoniandikia ya vitu vya kushona, nipange kazi. Ilisema "kanzu nyeupe, mbili". Nilishangaa kidogo, nikafikiri huenda semina za siku hizi zina sare. Mwalimu akachungulia begani kwangu.

"Fundi, mwanao kasilimu lini, mbona hukutwambia tukapika pilau?"

Nikamwambia, "Wacha mchezo, Mwalimu. Hii ni kitu ya semina. Anaenda wiki mbili."

Akaichukua orodha, akaisoma hadi chini, akavua miwani. "Semina gani hii ya kuchukua rozari na kanzu? Hebu nambie, alikwambia nini, neno kwa neno."

Nikamwambia, alisema mwanzo ni miwili.

"Miwili?"

"Miwili, mbili, si ni moja tu?"

Baba, yule mzee alicheka mpaka akashika nguzo. "Si moja hata kidogo! Wiki haiwezi kuwa miwili, ewe fundi! Wiki ni mbili, siku ni mbili. Miwili ni miezi au miaka, na hii si ya miezi. Mwanao kasema sawasawa, wewe ndiye usiyesikia. Huyo aenda seminari, kusomea upadri. Miaka miwili ya mwanzo, kisha mingine, kisha haoi maisha yake. Hayo ya kwenu, nami Muislamu ndiye nikufunze?"

Alipoona sicheki aliacha kucheka. Akaniitishia chai, akakaa karibu nami mpaka adhuhuri ilipomwita. Ni mtu mwema.

Sasa nikuulize, Lumbasi. Sisi watu wa Nairobi tunasema miaka mbili, kiti mbili, mtu mbili, na maisha yanaendelea. Nani alijua kwamba herufi chache zinaweza kumchukua mtoto wa mtu? Kama ungesema vibaya kama sisi, "miaka mbili", ningesikia hilo neno miaka, ningesimamisha mguu, ningekuuliza. Lakini wewe umesoma, ukasema vizuri, na mimi kwa uzuri wake nikapotea.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumwona Padri, nifute ile sahihi. Nilivaa koti. Njia nzima nilikuwa najisemea maneno: Padri, kumetokea makosa. Nikafika, akanishika mabega, akasema, "Mzee Zakaria! Wazazi wengine wanakuja hapa kulia, wewe umekuja kushukuru. Mwana wa kiume wa pekee, na umemtoa bila neno!" Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Ehe." Akaniuliza kama ni furaha kubwa. Nikasema, "Ehe." Nikabarikiwa, nikarudi. Mlikuwa mmekwenda sokoni, sanduku lako limefunguliwa juu ya kitanda, bahasha iko juu ya mashati. Mkono wangu ukaichukua.

Hiyo "ehe" ndiyo ugonjwa wangu, na nataka uijue vizuri kabla hujaondoka, maana huenda umeirithi. Nilianza zamani, na nilianzia huko huko Karen unakokwenda. Kabla ya Uhuru, wewe mtoto mdogo bado, niliitwa nyumba ya mama mmoja wa Kizungu kushona mapazia. Madirisha kumi na moja. Akapita nami dirisha kwa dirisha akieleza kwa Kiingereza, mkono unaenda juu, mkono unaenda chini, na mimi kila dirisha, "Yesi memsab." Sikuelewa hata neno moja. Niliona aibu kuuliza dirisha la kwanza, na la pili likawa gumu zaidi, na kufika la saba haikuwezekana tena. Nikakata yote yaishie kwenye kizingiti cha dirisha. Kumbe alitaka yafike sakafuni. Yalipotundikwa, nyumba nzima ilionekana imevaa kaptura. Hakunigombeza. Alisema tu, "Lakini ulisema yes." Sijapita njia ile tena hadi leo.

Kwa hiyo huko utakapofundishwa mambo ya Kilatini na mengine nisiyoyajua majina, na wenzako wote wakitikisa kichwa, wewe ukiwa hujaelewa, tafadhali usitikise chako. Na siku wakikuuliza lile swali kubwa, kama unataka kweli, na ndani yako kuna sauti inasema sijui, sema sijui. Uaibike dirisha la kwanza.

Kuna lingine, na hili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Nilipokuja Nairobi, baba yangu, huyo Lumbasi mwenyewe ambaye una jina lake, alikuwa ananijengea simba yangu, ile nyumba ya kijana kando ya boma. Kuta zilikuwa zimesimama, tumeezeka upande mmoja. Nikamwambia, "Baba, naenda Nairobi wiki mbili, nimwone binamu, nikirudi tumalize." Nilijua si wiki mbili. Nilikuwa tayari nimepewa kazi. Lakini alikuwa amesimama pale na nyasi begani, na sikuweza kumwambia ukweli usoni. Nikaona wiki mbili ni neno dogo, halitamuumiza.

Nilikaa miaka minne. Watu walimwambia, mzee, maliza kuezeka, mvua inaingia. Akasema, "Zakaria alisema wiki mbili. Tutamaliza naye." Mvua iliingia, kuta zikalainika, upande ule ukaanguka. Niliporudi nilikuta nusu nyumba, na ndani yake mahindi yamejiotea yenyewe. Baba hakuniuliza ya kazi wala ya mji. Aliniambia, "Zimeisha, zile wiki mbili?" Nami nikacheka! Nilidhani ni utani. Alifariki mwaka uliotangulia kuzaliwa kwako. Ndipo ulipokuja nikakupa jina lake, na tangu ukiwa mchanga nakuita Baba. Watu hudhani ni desturi tu. Ni desturi, lakini mimi nilikuwa pia naomba msamaha kila nilipokuita.

Sasa elewa kwa nini nimechanganyikiwa. Wewe ni kijana wangu mmoja. Dada zako wameolewa, watoto wao wana majina ya ukoo wa baba zao. Nilikuwa nimekaa nangoja kwa utulivu kwamba siku moja, mimi nikiwa nimeshalala, wewe utapata mtoto na utamwita Zakaria, na kuna mtu atamwita huyo mtoto Baba. Hiyo ndiyo mbingu ninayoielewa mimi. Ile ya Padri siielewi vizuri. Wanasema umeitwa. Nani alikuita, na kwa sauti gani, na mbona mimi niliyekuwa chumba kimoja na wewe, kitanda chako na changu vinatenganishwa na pazia, sikusikia kitu? Nikiuliza hivyo nasikia ninakufuru. Nisipouliza nalala macho. Na wakati mwingine najivuna, hata hilo siwezi kukuficha. Jana nilijipata nimeiweka kanzu ya kwanza kwenye kiegemeo cha kiti, nimekaa kitandani naitazama, natabasamu peke yangu. Dakika hiyo hiyo bahasha iko drooni. Niambie wewe mwenye elimu, huyo ni mtu wa aina gani?

Leo mchana mama yako amepika kuku mwingine. Ameweka firigisi kwenye sahani yangu mbele ya watu wote, jinsi kwetu inavyowekwa kwa mwenye nyumba, akasema, "Hii ni ya mtu mwenye moyo mkubwa." Moyo huo sikuwa nao. Ndiyo sababu nilikupa wewe. Ulishtuka, ukasema, "Baba, mimi siwezi kula firigisi nawe upo." Nikakukaripia, "Kula!" Samahani kwa ile sauti. Nilikuwa sikukasirikii wewe.

Nimesimama kidogo hapa, nimetia kifungo kimoja, nimerudi.

Nimekuwa nikijiuliza nini kitatokea nisipoitoa bahasha. Kesho utakosa nafasi. Utalia kidogo, mama yako atalia sana. Nitakutafutia kazi, pengine ofisini kwa yule bwana. Utaoa. Nitampata Zakaria wangu. Na kila utakaponitazama nikiwa nimekaa na mjukuu mapajani, mimi nitakuwa nimepiga magoti sakafuni natafuta sindano. Wewe hutajua. Nitajua mimi. Nimeshaishi na nusu nyumba moja, Lumbasi, na hii ya pili siiwezi.

Na kuna hili ambalo nimeliona tu sasa nikiandika. Mimi nilimwambia baba yangu wiki mbili nikijua ni uongo. Wewe ulikuja ukasimama kwenye kelele, ukaniambia miwili, na ulimaanisha miwili. Ukaniuliza kama sitaki kufikiri kwanza. Uliniambia ukweli wote, usoni, pale ambapo mimi wa umri wako nilikimbia. Mtoto wa namna hiyo sijui nimempata wapi. Kwangu hakutoka.

Basi nimefungua droo. Fomu iko mbele yangu. Ile sahihi ya kwanza haina maana, ni ya mtu aliyekuwa anashona kaptura. Nimeandika jina langu tena chini yake, kwa kalamu ile ile, polepole. Wakikuuliza kwa nini mzazi ametia sahihi mara mbili, waambie mara ya kwanza alikuwa hajasikia. Usidhani nimeelewa. Sijaelewa bado. Lakini sasa nakijua nisichokielewa, na nimekitilia sahihi hivyo hivyo.

Kanzu haikutakiwa kuwa na mfuko wa ndani. Mimi nimeushona, upande wa kushoto, na humo nitaweka bahasha na barua hii. Pindo nimeliacha kubwa. Kama ile miwili ikiisha ukaona siyo, njoo. Usikae huko kwa sababu ya kuku wa mama yako, au kwa sababu Padri alinishika mabega. Hapa Karen si mbali, ni basi moja tu, mlango haufungwi. Nitaifumua hiyo kanzu nikushonee mashati mawili. Umeona? Nimesema mawili. Mwalimu Athumani angefurahi.

Na kama siyo hivyo, kama utaendelea hadi mwisho, basi siku moja watu wazima watakuja wamekunja mikono wakuite Baba Padri, wazee wenye mvi kunishinda. Wakikuita hivyo, ujue kuna fundi mmoja wa Ngara aliyewatangulia wote. Alikuita hivyo ukiwa huna hata jino.

Nasikia lango. Mama yako anacheka na mtu. Nimerudi kushona. Umeingia, umesimama mlangoni na koti lako la Jumapili, na umeniuliza tena, kwa upole ule ule, "Baba, kweli hujaiona ile bahasha?"

Nimeondoa mguu kwenye cherehani ili nisikie vizuri. Nimekujibu ndiyo, nimeiona.

Ni mimi,
Zakaria, mwana wa Lumbasi